Mizani Mpya ya Madini Isiwe ya Mnunuzi Peke Yake

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo daima huonekana kugombana. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo tunapenda kuzichukua methali hizo hadi ufukoni mwa Ziwa Mweru, katika Wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula, nchini Zambia, na kuziweka mbele ya jambo moja linalowagusa wachimbaji wadogo wa eneo zima hilo. Jambo lenyewe ni upimaji wa madini kwa kifaa kidogo cha mkononi kitumiacho mionzi ya eksirei.

Msimamo wetu tunautaja tangu mwanzo. Kasi ya kifaa hiki ni neema kubwa, na faida yake ya kwanza si ya kitaalamu bali ni ya haki. Jibu linalopatikana wakati gunia lingali mbele ya mwenyewe humfaa kuliko jibu sahihi zaidi linalofika baada ya gunia kuvuka ziwa. Lakini neema hiyo yaweza kugeuka kuwa nyenzo ya unyonyaji iwapo kifaa kitabaki mikononi mwa mnunuzi peke yake.

NCHELENGE, MLANGO WA MADINI

Mji wa Nchelenge uko kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hilo, lenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 5,000, hupokea maji ya mto Luapula kwa upande wa kusini na kuyatoa kwa mto Luvua huko Pweto, kwa upande wa kaskazini. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita majini. Ng'ambo kuna mji wa Kilwa. Si Kilwa ile ya pwani yetu, bali Kilwa ya Katanga, ambako nako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni.

Wengi wakisikia Nchelenge hufikiria samaki, hasa wale dagaa waitwao chisense, ambao huanikwa mchangani hadi wakakauka na kupelekwa masoko ya mbali. Hilo ni kweli. Lakini Nchelenge ni mlango wa madini pia. Mgodi wa Dikulushi, ulioko kaskazini ya Kilwa, ulianza kuzalisha shaba na fedha mwaka 2002 chini ya kampuni ya Anvil Mining. Makinikia yake yalipakiwa kwenye tishari huko Kilwa, yakavushwa ziwa, yakashushwa upande wa Nchelenge, kisha malori yakayachukua kuelekea kusini. Na katika jimbo hilo hilo la Luapula, huko Mansa, wachimbaji wadogo huchimba manganizi, madini ambayo zamani yalikilisha kiwanda cha betri cha Mansa kabla hakijafungwa katika miaka ya 1990.

Biashara hiyo si ngeni kwa watu wetu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika bonde la Luapula, katika himaya ya Mwata Kazembe, kutafuta pembe na shaba. Shaba ya siku hizo ilikuwa imekwisha yeyushwa. Mnunuzi aliiona, akaipima uzito, akajua anunuacho. Mambo ya leo ni tofauti. Mchimbaji wa leo huuza jiwe, na bei ya jiwe hutegemea kitu kisichoonekana kwa macho, yaani ni sehemu ngapi katika mia za jiwe hilo zilizo madini halisi. Twasema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa ni kinyume chake: muuzaji ndiye asiyejua kilichomo ndani ya gunia lake mwenyewe.

NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO

Tuangalie hali ya mchimbaji mdogo wa Luapula asiye na kifaa. Akitaka kujua thamani ya mawe yake yampasa kupeleka sampuli kwenye maabara za Ukanda wa Shaba, huko Kitwe na miji ya jirani. Njia ya mkato hukatiza ardhi ya Kongo, baada ya kuvuka daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008. Njia nyingine ni mzunguko mrefu wa kupitia Samfya na Serenje. Sampuli ikifika hungoja zamu, husagwa, hupimwa, kisha jibu hurudi. Siku zinapita, na huenda majuma yakapita.

Katika siku hizo mchimbaji anakula nini? Wabebaji wanataka ujira wao. Mwenye lori anataka kuondoka. Dalali amesimama na fedha taslimu mfukoni, na anasema bei yake ni ya leo tu. Na kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi katika Mweru husimamishwa kwa amri ya Serikali ili samaki wapate kuzaliana, hivyo fedha hupungua katika ufuko mzima. Mtu aliye katika dhiki ya namna hiyo hawezi kungoja. Atauza kwa makisio, na makisio yenyewe yatakuwa ya dalali. Wahenga hawakukosea: mwamba ngoma huvutia kwake.

Hapa ndipo tunapoiona faida ya kasi. Kipimo cha mkononi, chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, hutoa jibu kwa sekunde chache kikipima vyuma vilivyokwisha yeyushwa, na kwa dakika moja au mbili kikipima mawe au udongo. Muda huo ni mfupi kuliko muda wa kubishana bei. Kwa mara ya kwanza elimu ya kilichomo ndani ya gunia yaweza kufika kabla ya mapatano, wala si baada yake.

JINSI KINAVYOFANYA KAZI

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, kwa maana kitu kisichoeleweka huogopwa na wengine na kuabudiwa na wengine, na vyote viwili ni hasara.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba kila elementi hutoa eksirei yenye nguvu yake maalumu. Juu ya msingi huo ndipo kifaa hiki kimejengwa. Hurusha mionzi juu ya jiwe. Mionzi hung'oa elektroni zilizo karibu na kiini cha atomu. Elektroni za nje hushuka kujaza pengo. Na katika kushuka huko atomu hutoa eksirei yake yenyewe. Shaba hutoa yake, manganizi hutoa yake, risasi hutoa yake, kama vile kila ngoma ilivyo na mlio wake. Kigunduzi kilichomo ndani husikiliza milio hiyo na kuihesabu mmoja mmoja.

Neno la kushika ni hilo la kuhesabu. Kadiri milio iliyohesabiwa inavyokuwa mingi, ndivyo kosa la hesabu linavyopungua. Lakini halipungui kwa ulingano wa moja kwa moja. Ili kosa hilo lipungue kwa nusu, yapasa muda wa kupima uongezwe mara nne. Aliyepima kwa sekunde 15 akitaka kosa la nusu yake, na apime kwa sekunde 60. Akitaka robo yake, na apime kwa sekunde 240. Ndiyo sababu vigunduzi vya kisasa, vyenye uwezo wa kuhesabu milio mingi zaidi kwa kila sekunde, vimeleta mabadiliko makubwa. Kazi iliyokuwa ikihitaji dakika nyingi sasa yahitaji chache.

Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaioni. Katika lundo la mawe, tofauti kati ya gunia na gunia mara nyingi ni kubwa kuliko kosa la kifaa chenyewe. Maabara bora kabisa ikipewa konzi moja ya mawe yaliyookotwa juu ya lundo, itatoa jibu sahihi la konzi hiyo, na jibu la uongo la lundo zima. Mwenye kifaa cha haraka aweza kupima magunia 20 kabla ya jua kutua, akapata wastani, na akayabaini magunia yenye mali na yale yaliyojaa kokoto. Kwa hiyo vipimo vingi vya haraka, vyenye kosa dogo kila kimoja, hushinda kipimo kimoja kisicho na kosa cha sampuli iliyochukuliwa ovyo.

METOREX YA NANI?

Wapo watakaosema kwamba tunapigia debe kitu kilichokwisha kuenea. Ni kweli kimeenea, na ndicho kinachotutia wasiwasi.

Katika nchi hiyo hiyo iliyo ng'ambo ya Mweru, mbali upande wa magharibi, kuna mji wa Kolwezi, wenye soko mashuhuri la shaba na kobalti liitwalo Musompo. Wachimbaji wa huko wanakijua kifaa hiki vizuri sana, nao hukiita metorex. Kiko katika maduka ya wanunuzi. Mchimbaji huleta gunia, mnunuzi huelekeza metorex, namba hutokea, na bei hutajwa. Mambo yote huisha kwa dakika chache. Lakini ripoti ya Amnesty International na shirika la Afrewatch, iliyotolewa Januari 2016, ilieleza kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki uzito wala kiwango cha madini waliyouza. Namba ni ya mnunuzi. Kuikataa ni kubeba gunia lako mgongoni na kwenda duka la jirani, ambako kuna metorex nyingine ya mnunuzi mwingine.

Tuchukue mfano wa manganizi, ili msomaji aone ukubwa wa jambo lenyewe. Katika soko la dunia kiwango kinachotumika sana kulinganishia bei ni asilimia 44, na bei huhesabiwa kwa kila asilimia moja. Tuseme lori limebeba tani 30 za mawe ya kiwango hicho, na kifaa, kwa hila au kwa uzembe, kikasoma asilimia 38. Tofauti ya asilimia 6 katika tani 30 ni tani 1 na kilo 800 za manganizi. Mali hiyo yote imetoweka, na hakuna gunia hata moja lililoibwa. Hakuna mlinzi wala polisi awezaye kuukamata wizi wa namna hiyo, kwa sababu umefanyika ndani ya namba.

Na hila si lazima iwe ngumu. Kifaa hiki huona uso wa jiwe tu, kwa kina kidogo mno. Mwenye kukielekeza anaweza kuchagua upande ulio maskini. Jiwe lenye maji husoma chini kuliko jiwe kavu, na katika majira ya mvua ya Luapula ni jiwe gani lililo kavu? Mnunuzi anaweza pia kukatisha kipimo baada ya sekunde 5 na kuitaja namba ya kwanza impendezayo. Kasi ile ile iliyo neema kwa muuzaji ikawa pazia la kumficha mlanguzi.

BARAKA YA HARAKA INA MASHARTI

Hivyo basi methali ya kwanza nayo ina haki ya kusikilizwa. Kifaa hiki hakijui kila kitu. Elementi nyepesi kuliko magnesi hakizioni. Asiwepo mtu wa kuwadanganya wananchi kwamba kitawapimia lithiamu. Sauti za elementi nyingine hukaribiana mno hata kifaa kisichorekebishwa vizuri kikazichanganya. Moja ya milio ya manganizi inakaribiana sana na ule mkuu wa chuma, na mlio mkuu wa risasi karibu unafanana na ule wa aseniki. Kwa hiyo yapasa kifaa kilinganishwe mara kwa mara na sampuli ambazo viwango vyake vinajulikana, na sampuli hizo ziwe za mawe ya aina ile ile inayouzwa.

Jiwe nalo lipewe haki yake: livunjwe, likaushwe, lisagwe, lichekechwe, lichanganywe, ndipo lipimwe. Kazi hiyo huchukua muda kuliko kipimo chenyewe, lakini haihitaji umeme mwingi wala shahada. Kinu, chekecheo, jiko na uaminifu vyatosha. Kifaa pia hutoa mionzi kinapobonyezwa. Si cha kuelekezewa mtu, wala sampuli haishikwi kwa mkono wakati wa kupima. Anayekitumia hana budi kufundishwa na kupewa kibali na mamlaka ya kinga ya mionzi ya nchi yake.

Masharti haya hayaondoi faida ya kasi. Yanaifanya iaminike.

AFYA YA WANANCHI

Kuna sababu nyingine ya kukitaka kifaa hiki kiwe karibu, nayo ni uhai wa watoto. Mwaka 2010, katika Jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto takriban 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Wataalamu waliokwenda kusaidia walitumia vipimo vya mkononi kupima udongo uwanja kwa uwanja, na kujua hapo hapo ni nyumba zipi zisafishwe kwanza. Iwapo kila konzi ya udongo ingepelekwa ng'ambo kupimwa, watoto wangeendelea kuchezea sumu hadi majibu yarudi. Nchini Zambia kwenyewe, mji wa Kabwe bado unabeba mzigo wa mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994, na huko pia kifaa hiki kimetumika kupima udongo.

Somo kwa Nchelenge ni wazi. Mahali panapopakuliwa makinikia na mahali panapoanikwa chisense pasiachwe pakaribiane bila kupimwa. Mchanga wa gatini, wa maegesho ya malori na wa mianiko ya samaki waweza kupimwa wote kwa siku chache, kwa kifaa kile kile kinachopima magunia. Ukionekana safi, wavuvi watauza samaki wao wakiwa na ushahidi mkononi. Ukionekana vinginevyo, hatua zitachukuliwa kabla ya hospitali kujaa.

TUNAYOPENDEKEZA

Sisi wa Tanzania tunasema haya kama ndugu na jirani, na kama watu waliokwisha onja uchungu wa kutojua. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Taifa zima likauliza swali moja: ndani mna nini? Kamati ikaundwa, ripoti ikatolewa mwezi Mei, kampuni ikaikataa, na mabishano yakaendelea hadi makubaliano na Barrick yalipotangazwa Oktoba 2019. Miaka ya mvutano ilitokana na vipimo ambavyo pande mbili hazikuviamini pamoja. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Machi, lilifunguliwa Geita soko la kwanza la madini, ambako muuzaji na mnunuzi hukutana chini ya macho ya Serikali, na dhahabu hupimwa mbele yao. Masoko mengine yakafuata. Hatusemi kwamba yamemaliza kila hila, lakini yameuhamisha upimaji kutoka chumba cha nyuma cha dalali hadi mahali pa wazi.

Tunaona Nchelenge yastahili jambo la namna hiyo, na Tume ya Udhibiti wa Madini ya Zambia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2024, ndiyo inayofaa kulisimamia. Kwanza, kiwepo kipimo cha umma, na wachimbaji waliojiunga katika vyama vya ushirika wasaidiwe kununua chao, kwani bei yake ya makumi ya maelfu ya dola haimuduwi na mtu mmoja lakini yaweza kumuduwa na ushirika. Pili, kila asubuhi kifaa kipimwe mbele ya watu wote kwa sampuli ya kulinganishia iliyofungwa kwa lakiri, na namba yake iandikwe ubaoni. Tatu, pasiwepo bei bila vipimo vitatu, kila kimoja kisichopungua dakika moja, na kioo cha kifaa kimwelekee muuzaji. Nne, muuzaji apewe stakabadhi yenye namba, tarehe na muda uliotumika; mali bila daftari huisha bila habari. Tano, sehemu ya sampuli zipelekwe maabara baadaye, ili kifaa chenyewe kisahihishwe na anayekitumia ajue kwamba anaangaliwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copperbelt, huko Kitwe, wanaweza kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya masomo yao.

Serikali ya Kongo nayo ifanye hivyo hivyo ng'ambo, huko Kilwa na Pweto, na vituo vya pande mbili vitumie sampuli za kulinganishia zilizo sawa. Gunia lililosomeka asilimia fulani Kilwa lisisomeke vingine Nchelenge, wala Tunduma, wala katika bandari ya Dar es Salaam. Maji ya Mweru yasiwe mahali ambapo namba huoshwa.

Tunahitimisha kwa kuzipatanisha methali zetu mbili. Haraka isiyo na baraka ni ile ya mtu mmoja kumkimbiza mwenziwe gizani. Haraka ya kupima mbele ya macho ya wote, kwa kifaa kilicholinganishwa na kwa stakabadhi iliyoandikwa, hiyo ina baraka tele, kwa kuwa humwokoa mwenye njaa na kungoja kunakomuumiza tumbo. Mchimbaji wa Luapula amekwisha kuvuja jasho kulitoa jiwe ardhini. Haki yake ya chini kabisa ni kujua, kabla hajaliachia, ni kitu gani alichokitoa.